Lenzi ndefu haipigi hodi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 34, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Kabla ya kuja huku nilikuwa mpiga picha wa harusi, na sikuwa wa kubahatisha. Watu walikuwa wananiwekea tarehe miezi mitatu kabla. Mwaka juzi mke wangu alipata kazi ya uuguzi Berlin, nikamfuata. Tunakaa mtaa wa Wedding, ghorofa ya nne. Yeye ana zamu za hospitali, mimi napanga mizigo ghalani usiku kucha. Narudi asubuhi, nalala, saa nane mchana natoka na kamera.

Shangazi, mtaa huu umeniteka. Kuna bibi anavuta kitoroli cha sokoni, mbwa amekaa ndani kama abiria. Kuna kinyozi Mturuki ambaye mtoto akija anamwekea ubao juu ya mikono ya kiti ili afikie kioo. Kuna baba wa Kieritrea anambeba mwanawe mabegani, mtoto amemshika masikio mawili kama usukani. Nyumbani nilikuwa nalipwa kupiga watu waliovaa na kupambwa. Hapa nataka kuwapiga watu wakiwa wanaishi tu. Nina picha zaidi ya elfu tatu.

Jumapili moja ya mwezi wa Mei nilikaa kwenye benchi pembeni ya uwanja wa michezo ya watoto. Babu mmoja alikuwa akimsukuma mjukuu wake kwenye bembea, na kila bembea ikipanda, jua linapenya kwenye majani na kumwangukia mtoto usoni. Nikafunga ile lenzi yangu ndefu ya harusi, 70-200, ya kuvuta mbali, nikapiga kama ishirini. Mara mama mmoja akanijia mbio, anataka nifute, nifute sasa hivi. Nikamjibu kwa Kijerumani changu cha kuungaunga kwamba hapa ni mahali pa wazi na ni haki yangu. Akapiga simu. Wakaja polisi wawili, wakaangalia kitambulisho, wakaniuliza napiga kwa ajili ya nani. Nikazifuta mwenyewe mbele yao. Hawakunifanya kitu, lakini wazazi wote walikuwa wamesimama wananitazama, na yule babu alikuwa amevua koti lake amemfunika mtoto.

Septemba nikapata la pili. Dada mmoja Mtanzania aliniomba nimpigie mwanawe siku ya kuanza darasa la kwanza, na lile koni kubwa la peremende wanalopewa watoto siku hiyo. Picha zikatoka nzuri mno, nikaweka tatu Instagram. Usiku baba wa mtoto, ambaye wameachana, akanipigia akiwa mkali, anasema ataniona mahakamani. Mama anasema nisimjali.

Mimi sina nia mbaya na mtu. Hata bibi wa jengo la mkabala, ambaye nampiga kutoka dirishani kwangu karibu kila asubuhi akimwagilia maua yake kwenye roshani, nina picha zake kama arobaini na hajawahi kulalamika.

Kinachoniuma ni hiki: wazungu wakija Tanga wanapiga watoto wetu barabarani, wanapiga mama zetu wakikaanga mihogo, na hakuna anayeita polisi. Je, hawa watu ni baridi tu, au ni ubaguzi? Mke wangu ameiweka kamera juu ya kabati nyuma ya masanduku, anasema tutafukuzwa nchini kwa ajili ya bembea. Niiache ikae huko?

Mpiga picha wa ghorofa ya nne, Berlin

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nikakwama kwa yule bibi wa maua, huruma ikapungua. Tutamfikia.

Tuanze na lile neno ulilomjibu mama wa watu, "ni haki yangu". Ujerumani ina sheria ya picha ya tangu mwaka 1907, na bado inafanya kazi. Inasema picha ya mtu haisambazwi wala haionyeshwi hadharani bila ridhaa yake. Ina milango yake ya kutokea: umati kwenye maandamano au sherehe, mtu aliyetokea tu pembeni wakati wewe unapiga mandhari, na picha zenye manufaa ya juu ya sanaa. Unaona kwamba inazungumzia kuonyesha na kusambaza. Kwa hiyo uko sahihi nusu: kubonyeza kamera barabarani si kosa moja kwa moja. Nusu nyingine ni kwamba mahakama zao zimeshasema mara kadhaa kuwa hata kule kupiga tu kunaweza kumvunjia mtu haki yake, na tangu Mei 2018 kuna sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data juu yake. Mtu akitumia picha kinyume cha sheria ile ya 1907 anaweza kupigwa faini au kufungwa hadi mwaka mmoja.

Sheria hiyo ina kisa, na nitakisimulia kwa sababu mimi nakaa Hamburg na kilitokea hapa jirani. Julai 1898 Bismarck, chansela wa zamani wa Ujerumani, alifariki nyumbani kwake Friedrichsruh. Wapiga picha wawili wa Hamburg wakapenyeza usiku, wakaingia chumba cha maiti, wakampiga picha akiwa kitandani, wakaanza kutafuta mnunuzi. Familia ikashtaki. Mahakama ikahangaika, maana hakukuwa na sheria ya kulinda sura ya mtu. Ikabidi iegemee kosa la kuingia nyumba ya watu bila ruhusa. Yaani kesi nzima ilisimama juu ya hodi. Baada ya aibu hiyo ndipo wakaandika sheria. Ni Bismarck huyohuyo aliyeandaa mkutano wa Berlin wa 1884 walikogawana Afrika bila kumuuliza mwenyewe, na sheria ya kulinda sura ya Mjerumani ilitoka mwaka uleule vita vya Maji Maji vilipokuwa vinaishia kwetu. Nakuachia uitafune.

Sasa, usije ukadhani wapiga picha wa mitaani wamefungiwa milango. Mwaka 2013 mpiga picha Espen Eichhöfer alionyesha picha za mtaa wa Charlottenburg, hukohuko Berlin. Moja ilikuwa ya mwanamke akipita barabarani. Ilitundikwa nje, kando ya barabara yenye magari na watu, kubwa zaidi ya mita moja kila upande. Mwanamke mwenyewe akaiona, akashtaki, akashinda. Mpiga picha akapanda mpaka Mahakama ya Katiba. Februari 2018 mahakama hiyo ilikataa kulipokea shauri lake, lakini katika maelezo yake ikasema upigaji picha wa mitaani ni sanaa inayolindwa, na kwamba huwezi kumtaka mpiga picha wa aina hiyo aombe ruhusa ya kila mpita njia kabla. Kilichomponza ni kumtundika mwanamke yule mkubwa vile kwenye njia ya watu. Basi kinyozi wako, bibi wa kitoroli, baba wa usukani wa masikio, hao unaweza kuwapigania. Ukishapiga, mwonyeshe mwenyewe papo hapo. Akitikisa kichwa, futa mbele yake na umwambie asante.

Bembea ni habari nyingine, mwanangu, na hapo sikutetei.

Ile lenzi yako inaleta uso wa mtoto kutoka upande wa pili wa uwanja mpaka unahesabu kope. Mama yule hakuona sanaa. Aliona mwanamume asiyemjua, hana mtoto pale, amekaa pembeni, anamlenga mtoto kwa mzinga. Unauliza kama ni ubaguzi. Sitakudanganya: ngozi yako huenda iliharakisha ile simu. Lakini mweke Mjerumani mwenye ndevu za mvi kwenye benchi lilelile na lenzi ileile, naye angefuatwa. Nimeshuhudia. Watu hawa kwa watoto hawana mzaha.

Na usiwaite baridi. Wewe umepiga harusi Tanga, niambie: siku ya shughuli ya kina mama, uliingia? Uliingia ukumbini wakati wanawake wamevua mabaibui wanacheza? Ulikaa nje na kamera yako begani, ukinywa soda, mpaka aje mtu aseme bibi harusi yuko tayari. Kuna shughuli hata simu za wageni zinaachwa mlangoni, na yule msichana anayepiga ndani anaapishwa kwanza. Hukuwahi kulalamika kwamba mama zako ni baridi. Ulijua ni sitara. Yule babu aliyevua koti akamfunika mjukuu alifanya hasa kile ambacho shangazi yako wa Ngamiani angefanya kwa upande wa kanga. Tofauti ni kwamba sisi tumeiweka sitara kwenye nguo na ukumbi, wao wameiweka kwenye picha. Uwanja wa watoto Berlin ni ukumbi wa kina mama. Subiri nje uitwe.

Kuhusu wazungu wanaotupiga sisi, hapo umenigusa, maana mimi ni mmoja wa waliopigwa. Zamani, mwanangu wa kwanza ana miezi saba, nilikuwa sokoni hapa Hamburg nikimfunga mgongoni. Unajua namna ile: umeinama, mtoto amelala juu ya mgongo, kanga mkono mmoja, mdomo umeuma ncha ya pili. Mwaka uliofuata rafiki akaniletea kalenda ya shirika fulani la misaada, shirika silitaji. Aprili ilikuwa mimi. Makalio juu, kanga mdomoni, na mguu wa mwanangu umening'inia na soksi moja. Ile ya pili nilikuwa nimeitafuta siku nzima ile. Chini waliandika maneno kuhusu tumaini la Afrika. Nilikuwa nimeenda kununua viazi.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililonikera zaidi. Ningeulizwa, ningenyoosha mgongo, ningecheka, na ningesema ndiyo. Kwa hiyo usiniambie "mbona wao wanatupiga". Ukishajua inavyouma ndiyo unaenda kumfanyia bibi wa watu mara arobaini?

Tumemfikia. Hajalalamika kwa sababu hajui. Kanuni ya adhabu ya nchi hii, kifungu cha 201a, inagusa kule kupiga kwenyewe, hata usipomwonyesha mtu: kumpiga mtu aliye nyumbani mwake au mahali palipositiriwa, picha ikaingilia mambo yake ya ndani kabisa. Sitaki tubishane kama roshani ni ndani au nje, wala kama kumwagilia maua ni jambo la ndani. Wakili anaweza kukushindia. Mimi naongea juu ya mama mzee anayetoka asubuhi na gauni la kulalia, nywele hajachana, akiamini yuko peke yake na maua yake, na kumbe ghorofa ya nne mkabala kuna mwanamume nyuma ya pazia na lenzi. Akigundua, hatatoka tena kwenye roshani ile. Hakuna namna ya kumweleza kuhusu mwanga wa asubuhi akakuelewa.

Zifute. Zote, na zile zilizoko kwenye simu na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Najua kuna mbili au tatu ambazo ungeweza kuzitundika popote. Futa na hizo. Usimpelekee kama zawadi, utamtia hofu. Ukishafuta, vuka barabara siku moja mchana, mke wako akiwa pembeni, mkutane naye mlangoni akitoka dukani, mwambie unakaa mkabala na maua yake unayaona. Ni kweli, unayaona. Mwulize anayapa nini. Wajerumani wazee ukiwauliza maua wanakusahaulisha saa. Akikukaribisha ndani baada ya mwezi, au mwaka, ndipo utamwomba umpige picha ya kukaa. Asipokukaribisha, basi umepata mtu wa kusalimiana.

Kuhusu baba wa mtoto wa darasa la kwanza, toa picha za mtoto leo, usisubiri kumaliza kusoma barua hii. Kama wazazi wote wawili wana haki ya malezi, na hapa wengi hubaki nayo hata baada ya kuachana, ridhaa ya mama peke yake haitoshi kumweka mtoto hadharani. Mama anaposema usimjali, anakutumia kama fimbo kwenye ugomvi wao. Mpigie baba, mwambie umetoa, mwombe radhi, na umtumie picha za mwanawe binafsi. Yaelekea hakuwepo siku ile na hilo ndilo linalomuuma. Kuanzia sasa, kabla ya kazi yoyote yenye mtoto, karatasi moja: sahihi za wazazi wote wawili, na mistari ya kuweka alama, ni ya albamu ya familia tu, au ya ukurasa wako, au ya maonyesho. Mtoto akifika kama miaka 14, na yeye aulizwe na atie sahihi. Mdogo hatii sahihi, ila ukimwona anageuza uso, shusha kamera.

Mke wako anaogopa mtafukuzwa. Mwambie kwa bembea ile hapana, ila mwambie pia alikuwa na akili kuiweka kamera juu ya kabati kwa muda. Kama dada zetu wameanza kukulipa kwa birthday na ubatizo, angalia kadi yako ya ukaazi. Ikiwa imeandikwa Erwerbstätigkeit erlaubt, unaruhusiwa kuajiriwa na hata kujiajiri. Nenda ukaandikishe biashara Gewerbeamt, kisha ujaze fomu ya kodi. Cheti cha ufundi mkuu hawadai kwa wapiga picha tangu 2004. Fanya hivyo kabla hujapokea euro hamsini inayofuata, maana hapo ndipo ukaazi unapoweza kuguswa.

Sasa ishushe hiyo kamera, nikupe kazi.

Uko Wedding. Dakika chache kutoka kwako kuna Afrikanisches Viertel, mtaa ambao barabara zake zina majina ya kwetu, na mojawapo ni Sansibarstraße. Kulikuwa pia na Petersallee, iliyopewa kwanza jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye mababu zetu walimwita Mkono wa Damu. Agosti 2024 waliling'oa, na kipande kimoja cha barabara hiyo sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Hebu fikiria. Mtoto wa Tanga anapanda treni ya U6, anashuka kituo cha Rehberge, anatembea mpaka Maji-Maji-Allee, na anachopiga ni bembea ya watu kwa mbali!

Acha hiyo 70-200 nyumbani. Nunua 35 iliyotumika, lenzi inayokulazimisha usimame karibu kiasi kwamba mtu anakusikia ukivuta pumzi, na usipomsalimia unaonekana mwendawazimu. Chagua Sansibarstraße peke yake. Wajerumani wana kawaida ya kubandika karatasi kwenye ngazi za jengo: "Jumamosi tuna sherehe, mtusamehe kelele." Umeshaziona. Bandika yako, mke wako asahihishe Kijerumani. Weka picha yako wewe, uso wazi, unacheka. Andika unatoka Tanga, Zanzibar unaiona siku ya anga safi (kama si kweli, watakusamehe), na ungependa kupiga familia zinazokaa kwenye barabara yenye jina hilo, kila moja mbele ya mlango wake, bure, na kila familia itapewa picha yake. Kati ya milango ishirini watajibu mitatu. Mmoja atakuwa mzee anayetaka kukuuliza kwa nini barabara inaitwa hivyo. Jibu kwa upole, halafu mpige.

Na picha wape za kusafisha, si za kutumiana kwenye simu. Kwenye maduka ya dm na Rossmann kuna mashine, unachomeka simu, zinatoka papo hapo. Weka bahasha mfukoni kila ukitoka. Yule kinyozi mpelekee ya mtoto kwenye ubao, ila mwambie akuitie mzazi wa mtoto kwanza. Akiibandika kwenye kioo chake, wateja watauliza nani kaipiga, na kwisha habari, mtaa mzima unakufahamu. Ndivyo studio za pwani zilivyofanya biashara: picha za watu dirishani, na kila anayepita anasimama kumtafuta jirani yake. Pale Zanzibar, Capital Art Studio ya mzee Ranchhod Oza ilifunguliwa 1930, na waliopita mbele ya kamera yake ni masultani na wauza samaki. Wengi wao waliingia kwa miguu yao, wamechana nywele.

Uwanja wa watoto usiurudie na kamera mpaka siku utakayokuwa na mtoto wako kwenye bembea, inshallah. Ila yule babu ukimwona barabarani, msalimie.

Halafu nisafishie moja ya Sansibarstraße uniletee, kumi kwa kumi na tano, isiyong'aa. Ya Aprili ile niliichana, na ukuta una nafasi.

Shangazi